Reli Tuliyoikata kwa Makusudi

Nyumba ya Mama Hulley,
Glenwood,
Durban,
Afrika Kusini.
Jumapili, 6 Desemba 1998

Mpendwa Babu Ambokile,

Shikamoo Babu, na tena ugonile, kwa salamu ya nyumbani. Natumaini barua hii inakukuta umekaa kwenye kiti chako cha kamba, mguu wa kushoto juu ya kigoda kama daktari alivyoagiza, na si juu ya paa ukigongomea bati. Je, uvimbe umepungua? Je, yule kuku wa shingo tupu bado anataga chini ya kitanda chako? Na mvua zimeanza huko Iyunga, au bado mnaangalia mawingu tu?

Sisi hatujambo. Baba ni mzima, isipokuwa kidole gumba cha mkono wa kushoto, ambacho nitakieleza mahali pake. Mama ni mzima na anakusalimu kutoka jikoni. Nilimwambia aje akae karibu yangu ninapoandika, akasema hawezi kukaa mbele ya barua ya baba mkwe wake. Nikamwambia barua haina macho. Akasema, "Wewe andika," akageukia sufuria.

Mwalimu Ladislaus alitufundisha kule Iyunga kwamba barua ya kirafiki isalimie kwanza, kila aya iwe na jambo lake, na msomaji asiachwe akijiuliza. Hilo la mwisho ndilo nililokosea katika barua yangu ya Septemba, na kosa hilo limetumalizia gundi makopo matatu na kilele cha mlima. Kwa hiyo safari hii nitaeleza kila kitu, hata yale unayoyajua.

Nianze na chumba. Baada ya msiba wa Bibi uliandika kwamba utakuja kukaa nasi siku kutakapopatikana chumba chenye mlango wake. Ulisema kwa mila yetu ya mkwe na mkwe kutoonana, huwezi kulala sebuleni ambako mkweo anapita kwenda jikoni, naye hawezi kupita ukiwa umekaa hapo. Mama alisema una haki kabisa. Alisema mngekufa njaa wote wawili, yeye akisubiri uondoke ndipo apite kupika, nawe ukisubiri chakula ndipo uondoke.

Nyuma ya nyumba hii tunayopanga kuna chumba cha namna hiyo hasa. Kina dirisha, kina sinki, na mlango wake unafungukia uani upande wa pili kabisa na jiko. Ila kwa miaka ishirini na miwili chumba hicho kilikuwa kinakaliwa na treni.

Si treni kubwa. Mwenye nyumba, Mama Hulley, ni mjane wa kizungu, ana miaka sabini na tisa. Marehemu mume wake alipenda treni kuliko kitu chochote, na alijenga humo reli ndogo inayotembea kwa umeme. Njia yote, kutoka reli hii hadi reli ile, haifiki upana wa kidole gumba cha Baba. Kichwa cha treni kina urefu wa kitana. Kuna stesheni yenye abiria wasiozidi punje ya mchele, kuna ziwa la kioo, kuna ng'ombe saba na padri mmoja, ambaye hatujui anakwenda wapi.

Kabla ya kufariki, Bwana Hulley alimwomba mkewe asiitupe. Wenzake wa chama cha wapenzi wa treni ndogo walikubali kuichukua wakaiweke katika ukumbi wao, kwa sharti moja: treni izunguke mara kumi bila kuanguka. Ilikuwa haizunguki hata mara moja. Unyevu wa Durban ulikuwa umevimbisha mbao na reli zimekaa mshazari kama meno ya mzee fulani ninayempenda. (Samahani Babu. Utani wa mjukuu umeruhusiwa.)

Mtoto wa Mama Hulley, ambaye ni mtu mzima na ana haraka, alisema Novemba ikiisha treni ikiwa bado imelala, ataipeleka jalalani na kukipangisha chumba kwa wanafunzi wa chuo kikuu. Hapo ndipo Mama Hulley alipomwita Baba uani akamwambia, "Tito, ukiifanya treni ya mume wangu itembee mpaka waichukue, chumba ni cha baba yako."

Babu, ungemwona Baba. Kazi yake hapa, kama unavyojua, ni kulinda magari kwenye maegesho ya maduka kule Berea. Anavaa kizibao cha rangi ya machungwa na kuwaonyesha watu jinsi ya kurudi nyuma. Tangu tufike, hakuna mtu aliyemwuliza lolote kuhusu reli. Alimjibu Mama Hulley kwa Kiingereza, "Madam, my father was railway. I am railway. No problem," akaingia ndani kutafuta nyundo.

Nyundo ndiyo ilikuwa kosa la kwanza. Baba alipiga vile vimisumari kama mlivyokuwa mkipiga misumari ya reli pale Mbeya, kwa mkono kutoka begani. Mataruma yale, vile vipande vinavyolaliwa na reli, ni ya plastiki. Yalibonyea katikati, na reli mbili zikainamiana kama watu wanaosengenya. Treni iliingia pale ikabanwa magurudumu, ikasimama, ikaanza kunuka. Kidole gumba cha Baba kiliumia siku hiyohiyo, msumari wa kumi na nne.

Baba alikaa chini akafikiri. Kisha akakumbuka kile kipimo cha chuma ulichoachiwa na Wachina, ulichokuwa ukikipitisha kati ya reli na reli kila asubuhi. Alikata mpini wa kijiko cha Mama akatengeneza kipimo kidogo cha namna hiyo, na mimi nikakipitisha njia yote. Nilikuta mahali arobaini na moja pamebana. Tulitumia wiki mbili kung'oa misumari. Mama bado anakiulizia kijiko.

Kosa la pili lilikuwa kokoto. Baba alisema reli isiyo na kokoto iko uchi. Alimwaga changarawe laini na kuigandisha kwa gundi, kazi safi sana, lakini gundi ikapenya hadi pale njia inapogawanyika kuwa mbili, ikavigandisha vile vipande vinavyosogea. Kuanzia siku hiyo treni ilikuwa na njia moja tu maishani, nayo ni ile inayoishia ziwani. Hata ungefanya nini, ilikata kushoto na kuingia kwenye kioo na mabehewa yake yote. Padri yuko upande huo. Nadhani aliwaombea, mpaka tulipoikwangua gundi yote kwa wembe.

Sasa nimtaje Pierre-Claver. Yeye ni Mrundi, fundi cherehani. Amepanga chumba cha mbele, na kibanda chake cha kushonea kiko Greyville, karibu na uwanja wa mbio za farasi. Ni mpole, lakini hawezi kupita mahali penye mstari uliopinda akanyamaza. Alichungulia mlangoni akiwa na futi yake ya kitambaa shingoni.

"Attention, Bwana Tito," akasema. "Hii kona iko kama kola ya shati yenye ilishonwa na mlevi."

Baba hakugeuka. "Fundi, kwenu Burundi reli mmeiona wapi?"

"Kwetu hakuna reli hata moja. Ndiyo maana treni zetu hazianguke."

Mama alicheka jikoni mpaka akakohoa. Baba alitaka kukasirika, lakini treni ikaanguka tena mbele yao wote wawili, palepale kwenye kola.

Pierre-Claver aliingia, akapiga magoti, akapima kona zote kwa futi yake. Kisha akakata gazeti kama anavyokata kielelezo cha suti, akachora kwa chaki ya kushonea mstari laini kama wa bega. Alituonyesha kosa ambalo Baba hakuliona, na mimi pia sikuliona. Njia ilikuwa inapinda kulia na palepale inapinda kushoto, bila kupumzika katikati. "Mkono unatoka begani," alisema, "halafu unafika kwa kiwiko. Hauwezi kupinda bega na kiwiko fasi moja. Weka hapa kipande cha kunyooka, urefu wa behewa moja."

Tuliweka. Treni ilipita kona ile kama mtu anayeingia kanisani amechelewa, polepole na kwa adabu. Baba alimpa Pierre-Claver mkono, kisha akamwambia hilo hasa ndilo alilokuwa karibu kulisema.

Babu, sasa naomba uweke mguu vizuri juu ya kigoda, maana nafika mahali panapokuhusu.

Baada ya hapo lilibaki tatizo moja. Kulikuwa na mahali panne ambapo reli zote mbili zilikuwa zimekatika, jumla mikato minane, na treni ilikuwa inajikwaa hapo na kuzima. Nilikuandikia hivyo Septemba, neno kwa neno. Nawe ulijibu kwa ile kalamu nyekundu ambayo nilidhani ulishairudisha ofisini ulipostaafu. Uliandika: "Mikato minane na bado mnapitisha treni? Tito nilimfundisha nini? Ndogo au kubwa, hiyo ni njia. Ifungeni leo. Wekeni reli nzima, bila kiungo, ndipo mpitishe treni."

Baba aliisoma barua yako akiwa amesimama. Akasema, "Mzee ameshasema," akaikunja akaiweka mfuko wa shati, upande wa moyo.

Tukafanya kama ulivyoagiza. Tuliweka reli nzima mahali pote panne na kuigandisha kwa gundi, makopo matatu. Tulipigilia mbao chini ili pasicheze tena. Baba aliona nafasi inabaki, akajenga juu yake mlima wa magazeti na uji wa unga wa ngano, mrefu, wenye mgongo kama Loleza unavyoonekana kutoka kwako. Tukaupaka rangi ya kijani. Treni ikazunguka mara moja, mara kumi, mara hamsini, kimya kabisa kama paka. Mama alikuja akaangalia. Mama Hulley alikuja na kiti chake na chai yake, na siku tatu mfululizo hakutaka kuondoka.

Jumamosi ya tarehe 28 Novemba walikuja watu wa chama, wakiongozwa na mwenyekiti wao, Bwana Moodley, mzee wa Kihindi mwenye sauti ndogo na kalamu tatu mfukoni. Treni ilizunguka mara kumi. Tulihesabu kwa sauti, hata Mama Hulley. Bwana Moodley alipiga makofi, akainama kuitazama ile kona ya Pierre-Claver, akauliza ni nani aliyeichora. Pierre-Claver alirekebisha futi shingoni.

Kisha Bwana Moodley akauliza swali la pili. Aliuliza meza zinaachana wapi.

Baba akasema, "Meza gani?"

"Ziko tatu. Tulisaidiana kuzipitisha mlangoni humu, moja moja. Hulley aliacha mikato kwenye reli mahali zinapokutana, ili ziachane na kurudiana."

Bwana Moodley alilala chali chini ya meza na kutuonyesha kila kitu: komeo za kuunganishia, na nyaya zenye vichwa vya kuchomoka, ambazo Baba alikuwa ameziviringisha vizuri na kuzifunga akidhani ni za akiba. Mlango wa chumba hicho, Babu, una upana wa hatua moja. Njia yetu nzima, isiyo na kiungo, ina urefu wa hatua sita. Tulikuwa tumejenga treni isiyoweza kutoka.

Pierre-Claver alisema taratibu, "Eish. Tumeshona suruali, tumeshona hata zipu."

Babu, ninajua unachofikiri, na naomba usijilaumu. Ushauri wako ulikuwa sahihi. Kosa ni la barua yangu. Niliandika kwamba reli zimekatika, lakini sikuandika kwamba zimekatika juu ya meza. Nyasi za bandia zilikuwa zimefunika kila kitu, kwa hiyo kila mtu aliona meza moja. Lakini mimi ndiye ninayefagia humo, na siku ya kwanza kabisa nilihesabu miguu kumi na miwili. Nikaona si jambo la kuandika. Meza moja ina miguu minne. Ningeandika hilo tu, ungejua.

Nilimwambia Baba hivyo, na nililia kidogo, si sana. Baba akasema yeye ndiye aliyeumizia kidole chake humo ndani na hakuhesabu hata mguu mmoja.

Bwana Moodley alitupa wiki moja. Alisema mikato irudishwe, meza zitolewe, ziunganishwe tena ukumbini, na treni izunguke tena mara kumi hukohuko. Mtoto wa Mama Hulley alikubali wiki hiyo, lakini Jumatatu alileta wanafunzi wawili wakaangalia chumba. Walisema ni kizuri. Mmoja alipima kwa macho mahali pa kuweka meza yake ya kusomea. Nilikuwa nimesimama uani na ufagio na sikuwasalimia vizuri, jambo ambalo najua si adabu.

Jumanne Baba alileta msumeno mwembamba wa kukatia chuma. Akaugusisha kwenye reli. Akauinua. Akaugusisha tena. Mara ya tatu aliuweka chini akasema, "Reli nzima haikatwi wakati njia iko wazi."

Basi ikabidi njia ifungwe. Mama alitoa kitambaa chake chekundu cha kichwani, tukakichana vipande viwili, Baba akasimamisha bendera nyekundu pande zote mbili kwa njiti za kuchokolea meno. Akafungua daftari langu la hesabu ukurasa wa nyuma na kuandika: "Njia imefungwa saa tatu na dakika kumi asubuhi." Kisha akasimama.

"Tunangojea nani?" akauliza Pierre-Claver, aliyekuwa ameacha suruali ya mteja ili aje kutushikia taa.

"Kuhakikisha hakuna treni njiani."

"Bwana Tito, treni iko ndani ya sanduku ya viatu."

"Utaratibu ni utaratibu."

Tulingoja dakika tano. Hakuna treni iliyokuja. Baba aliushika msumeno tena, na nikaona mkono wake hautaki. Alinitazama akasema, "Clara, wewe hujawahi kuapishwa na reli."

Nikasema bado.

"Basi kata wewe."

Nilikata mimi. Baba alishikilia reli pande zote mbili kwa vidole, akiwa amegeuza uso kama mtu anayedungwa sindano. Mikato saba ilikwenda vizuri. Wa nane msumeno uliteleza, pengo likawa pana, na tulipojaribu treni ilitumbukiza gurudumu hapo kama mtu aliyekosa ngazi. Nilifikiri nimekupotezea chumba. Nilisema hivyo, kwa sauti.

Baba hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Babu yako alikuwa anapimaje nafasi kati ya mwisho wa reli na mwanzo wa reli inayofuata?" Nikasema kwa kipande cha bati, kama ulivyonisimulia. Tukajaribu bati, likawa nene. Tukajaribu karatasi, ikawa nyembamba. Ndipo Mama, kutoka mlangoni, akatupa kitu mezani. Ilikuwa kadi ya simu ya mtaani, ile tuliyokupigia siku ya msiba wa Bibi, iliyokwisha kabla hujamaliza kusema. Mama alikuwa ameiweka kwenye Biblia yake. Unene wake ulitosha kabisa. Tulichukua kipande kidogo kutoka mwisho wa njia ya ziwani, tukaziba pengo langu, tukaacha nafasi ya kadi. Tukapima mikato yote minane kwa kadi hiyo, tukang'oa na zile mbao tulizopigilia chini. Baba akaandika: "Njia imefunguliwa saa kumi na moja na nusu jioni," na kutia sahihi.

Jana, Jumamosi, watu wa chama walileta lori. Meza ya kwanza ilitoka. Ya pili ilitoka. Ya tatu ilikwama mlangoni kwa sababu ya Loleza. Mlima ulikuwa umezidi kizingiti cha juu cha mlango kwa vidole vinne. Mtoto wa Mama Hulley alisema basi. Mama Hulley, ambaye sijawahi kumsikia akipandisha sauti, akamwambia, "Peter, ukate mlango." Baba akasema hapana, Madam, mlango ni wako na mlima ni wangu. Akachukua msumeno na safari hii mkono wake haukusita. Alikata kilele chote, akanipa nikishike.

Ukumbini Bwana Moodley aliunganisha meza, akachomeka nyaya, akatutazama. Alisema mwenye kuiendesha awe yule aliyekata. Nilizungusha kile kitufe taratibu na treni ikaondoka stesheni.

Ikafika kwenye mkato wa kwanza, na ikalia. *Ka-ta.* Kisha mabehewa, moja baada ya jingine, *ka-ta, ka-ta, ka-ta.* Kabla ya hapo treni yetu ilikuwa inapita kimya kama paka, nimeshasema. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amegundua kinachokosekana. Nilitazama nyuma nikamwona Baba amefumba macho katikati ya watu wote, na kizibao chake cha machungwa, maana alikuwa anatoka kazini. Pierre-Claver alimnong'oneza, "Ni hivi inasema?" Baba akasema, "Ni hivi hasa."

Mzunguko wa tisa ilitikisika kwenye ule mkato wangu wa nane. Haikuanguka. Wa kumi ilipita na kusimama stesheni, na mimi nikasahau kuondoa mkono kwenye kitufe mpaka Bwana Moodley aliponitolea yeye mwenyewe.

Amemwomba Baba aje Jumamosi za mwisho wa mwezi kukagua njia, kwa sababu wanachama wao wengi wana macho mabovu. Baba amekubali, ila ametaka apewe daftari rasmi. Pierre-Claver ameombwa achore kona za njia mpya. Amesema atafikiria, na usiku ule ule alikuwa ameshaanza, juu ya gazeti la juzi.

Kwa hiyo, Babu, chumba ni chako. Mtoto wa Mama Hulley amewaambia wale wanafunzi watafute kwingine, na mimi nimewaombea kwa kweli wapate pazuri, tena penye nafasi ya meza. Baba anaandika barua yake kuhusu pasi yako ya kusafiria na njia ya kuja, kwa treni hadi Kapiri Mposhi kule Zambia, kisha mabasi. Anasema uje Februari. Mimi nasema uje mguu ukipungua tu.

Leo baada ya ibada nilifagia humo. Ukutani umebaki mstari wa rangi mahali meza ilipoegemea kwa miaka ishirini na miwili, na sikuufuta. Nilimkuta yule padri nyuma ya sinki. Alianguka wakati wa kuhama na hakuna aliyemwona. Nitamrudisha Jumamosi ya mwisho wa mwezi, lakini kwa sasa amesimama dirishani, anatazama uani, na kwa mara ya kwanza anaonekana kama mtu anayejua anamngoja nani.

Nisalimie Mama mdogo Sikujua na watoto wote, mzee Cyprian wa stesheni, na Mwalimu Ladislaus ukikutana naye. Mwambie nimejifunza kuhesabu miguu ya meza. Mama anasema, kutoka jikoni, kwamba mapazia ya chumba chako yako tayari, na kwamba atakuwa anagonga sufuria mara mbili kabla ya kutoka uani, ili usikie ugeukie upande mwingine. Mungu akushike mkono njiani, mpaka ushuke salama.

Kitanda chako tumekiweka pale ilipokuwa stesheni. Kilele cha Loleza kiko juu ya kabati. Nimepima, na kofia yako itakaa juu yake sawasawa.

Ndaga fijo, asante sana, Babu.

Mjukuu wako akupendaye, mwenye zamu ya kufungua mlango wa uani,
Clara